Siwema Hataki Kutoa Mji

Sogea hapa karibu. Kaa vizuri. Nikuonyeshe mtoto mmoja.

Huyu ni Siwema. Yuko darasa la kwanza. Amevaa sweta la kijani, maana kwao Soni, huko milimani, jioni huwa na baridi.

Siwema anapenda peasi. Anapenda kurukia madimbwi ya maji. Lakini kuliko vyote, anapenda kushinda.

Kushindwa je? Hapana. Kushindwa hataki hata kukusikia.

Kila jioni Mama huinjika maharage. Kuni zinawaka. Chungu kinachemka.

Bwa-bwa-bwa. Bwa-bwa-bwa.

Maharage ya Mama hayana haraka. Basi watu wote hukaa kuzunguka moto, wakategeana vitendawili. Yupo Mama. Yupo Baba. Yupo kaka Athumani. Na Siwema yuko katikati, penye joto zaidi.

Jioni moja Mama akaanza. "Kitendawili," akasema.

"Tega," wakasema wote.

"Ana kofia nyekundu, na kila alfajiri anatuamsha."

"Jogoo," akasema Siwema. Mama alikuwa hata hajafunga mdomo.

"Umepata," akasema Mama.

Siwema akatabasamu mpaka jino lake linalotikisika likaonekana.

Ikafika zamu ya Baba. "Kitendawili."

"Tega."

"Yupo mlangoni siku zote, lakini ndani haingii."

Mama akafikiri. "Mbwa?"

"Siye."

"Ufagio?"

"Wala."

Mama akafikiri tena. Akakoroga maharage. Akafikiri tena. "Basi, kimenishinda," akasema.

"Nipe mji," akasema Baba.

Ndivyo mchezo ulivyo. Ukishindwa, unatoa mji. Aliyetega anauchukua, anasafiri kwa maneno mpaka huko, halafu anarudi na jibu. Usipotoa mji, hupati jibu.

"Nakupa Muheza," akasema Mama.

Baba akaweka mguu mmoja juu ya mwingine, kama bwana mkubwa. "Nilikwenda Muheza. Watu wakanipokea. Nikala machungwa mpaka kidevu kikalowa. Nikawauliza, ni nani yupo mlangoni siku zote na ndani haingii? Wakaniambia, ni kizingiti."

"Kumbe kizingiti," akasema Mama. "Na nimekiruka sasa hivi nikiwa na chungu mkononi."

Wote wakacheka. Mama akacheka kuliko wote.

Siwema akamtazama sana. Mtu ameshindwa, sasa anacheka nini?

Kisha Athumani akajisogeza. "Changu ni cha Siwema peke yake," akasema. "Kitendawili."

"Tega," akasema Siwema.

"Ananibeba usiku kucha, na asubuhi tupo palepale."

Siwema akafikiri. "Punda?"

"Punda anatembea, mdogo wangu."

"Basi?"

"Basi linafika mpaka Tanga."

"Mgongo wa Mama?"

"Usiku kucha?" akasema Mama. "Nani, mimi? Ningevunjika."

Siwema akafikiri mpaka masikio yakapata moto. Jibu halikuja.

"Basi toa mji," akasema Athumani.

Siwema akageuka pembeni.

Mikono kunja. Mdomo fumba.

"Mji sitoi."

"Ukitoa mji, unakuwa umeshindwa tu," akasema Athumani. "Si kitu kibaya."

Lakini Siwema aliona ni kitu kibaya sana. Mikono kunja. Mdomo fumba. "Mji sitoi."

"Mama, niambie wewe," akasema.

"Kitendawili si changu, mwanangu," akasema Mama. "Jibu analo aliyetega."

Maharage yakaiva. Siwema akala, lakini leo hakuusikia utamu wake.

Akaenda kulala. Akapanda kitandani.

Kwii.

Akageukia huku. Kwii. Akageukia kule. Kwii, kwii.

"Ni nani ananibeba usiku kucha?" akanong'ona.

Kwii, kikasema kitanda.

"Nyamaza," akasema Siwema. "Nafikiri."

Akafikiri. Labda ampe kaka mji mmoja tu? Labda Tanga? Lakini Tanga ndiko anakokaa shangazi Mwanamvua. Athumani akiichukua Tanga, shangazi atahamia wapi na kuku wake wote?

Labda Korogwe? Lakini Korogwe wanauza mahindi ya kuchemsha pale stendi. Athumani ni mlafi. Atayamaliza.

Hapana. Mikono kunja. Mdomo fumba.

"Mji sitoi," akasema Siwema gizani.

Kwii, kikasema kitanda. Kitanda cha watu kinajua siri, lakini nani wa kukiuliza?

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika Soni nzima. Siwema akaenda shule. Njiani akamwangalia kila mtu na kila kitu. Ng'ombe? Hapana. Toroli? Hapana. Pikipiki? Hapana, hapana.

Saa ya mapumziko watoto wakashindana mbio. Wanaanzia kwenye bomba, wanamalizia kwenye mkaratusi.

"Siwema, njoo," akaita rafiki yake Mbaruku.

"Nimechoka," akasema Siwema.

Usimwamini. Hakuwa amechoka hata kidogo. Aliogopa tu, maana kuna msichana anaitwa Sikudhani, na Sikudhani ana miguu mirefu.

Wakakimbia. Pata-pata-pata-pata. Sikudhani akafika wa kwanza. Wengine wakafuata. Nyuma kabisa akaja Mbaruku, anahema, shati nje.

"Leo nimeshika mkia," akasema Mbaruku.

Siwema akamwangalia mikono. Mikono ilikuwa mitupu. "Mkia wa nani?"

"Si wa mtu yeyote. Kushika mkia ni kuwa wa mwisho. Kichwa kipo mbele, mkia upo nyuma. Na mimi nilikuwa nyuma."

"Sasa utalia?"

Mbaruku akajikagua kidogo, aone kama atalia. "Hapana," akasema. "Twende tena."

Wakakimbia tena. Pata-pata-pata-pata. Mbaruku akashika mkia tena. Akacheka tena. Halafu akanywa maji bombani, gulu-gulu-gulu, na maji yalionekana matamu kweli.

Siwema alikuwa amekaa peke yake kwenye jiwe. Hakuwa ameshindwa. Lakini hakuwa na kiu pia, wala hakuwa na mtu wa kukaa naye.

Mchana Athumani akarudi kutoka mpirani. Alikuwa na tope mpaka puani.

"Mmeshinda?" akauliza Mama.

"Tumefungwa," akasema Athumani.

Siwema akamtazama miguuni. "Kwa kamba gani?"

"Kwa mabao, mdogo wangu. Kufungwa ni wenzenu kutia mabao mengi kuliko ninyi. Na leo wametia mengi. Mpaka kipa wetu ameomba arudi kwao."

"Sasa utafanya nini?"

"Sasa nitakula," akasema Athumani. Akachukua kiazi cha kuchemsha. Akachukua kingine. "Kesho kutwa tunarudiana nao."

Siwema akasogea. Akasema kwa sauti ndogo, tamu. "Kaka. Yule anayenibeba usiku kucha. Ana miguu?"

Athumani akatafuna. Akameza. "Toa mji."

Wewe unajua alichofanya.

Mikono kunja. Mdomo fumba.

"Mji sitoi."

Jua likaanza kupoa. Baba alikuwa barazani, anacheza drafti na jirani yao, Bwana Shemweta. Kete zao ni vizibo vya soda. Vyekundu vya Baba, vya kijani vya Bwana Shemweta.

Ta. Ta. Tatata.

Vizibo vya kijani vikaliwa. Kimoja. Kingine. Vyote.

Bwana Shemweta akaegemea ukuta. "Nimenyoosha mikono," akasema.

Siwema akaiangalia mikono yake. Mmoja ulikuwa gotini. Mwingine ulikuwa umeshika kikombe cha chai. "Mbona hujainyoosha?"

"Ndivyo tunavyosema, mwanangu," akasema Bwana Shemweta. "Kunyoosha mikono ni kukubali. Baba yako amenishinda, nami nimekubali."

"Na inauma?"

Bwana Shemweta hakumdanganya mtoto. "Inauma kidogo," akasema. "Kama chai ya moto. Unasubiri, inapoa."

Akanywa chai yake. Kisha akamgeukia Baba. "Haya, nionyeshe. Umenipitia wapi?"

Baba akavirudisha vizibo mahali pake. Akamwonyesha. Ta. Ta. Tatata.

"Kumbe hapa," akasema Bwana Shemweta. "Haya. Siku nyingine hunipati."

Siwema akakaa kwenye ngazi ya baraza. Akashika tama.

Mbaruku ameshika mkia, na anacheka. Athumani amefungwa, na anakula viazi. Bwana Shemweta amenyoosha mikono, na sasa anajua alipopitiwa.

Siwema tu ndiye hajashindwa. Na Siwema tu ndiye hajui kitu.

Alijisikia vibaya. Alitaka jibu. Alilitaka kuliko peasi.

Jioni ikafika. Mama akainjika maharage. Kuni zikawaka. Chungu kikachemka.

Bwa-bwa-bwa. Bwa-bwa-bwa.

Hakuna aliyekuwa ametega bado. Siwema akasimama. Akavuta sweta lake chini. Akavuta pumzi.

"Kaka," akasema. "Kile kitendawili."

"Enhe?"

Siwema akataka kukunja mikono. Akaiacha ilegee. Akataka kufumba mdomo. Akaufumbua.

"Kimenishinda," akasema.

Maneno yalikuwa mazito kutoka. Lakini yalipotoka, hayakuangusha paa. Moto uliendelea kuwaka.

"Nipe mji," akasema Athumani, taratibu.

Siwema akafikiri. Tanga ni ya shangazi Mwanamvua. Korogwe ni ya wale wenye mahindi. Utampaje mtu kitu ambacho si chako? Siwema ana mji mmoja tu.

Macho yakajaa machozi.

"Nakupa Soni," akasema.

Mwiko wa Mama ukasimama ndani ya chungu. Baba akaacha kuchochea moto. Katika jiko lile ilishatolewa miji mingi. Muheza imetolewa, Moshi imetolewa, Mombo imetolewa mara nyingi. Lakini Soni, mji wao wenyewe, hakuna aliyewahi kuitoa.

Athumani akamtazama mdogo wake. Aliacha kutania. Akafuta mikono kwenye suruali, kama mtu anayepokea kitu cha thamani.

"Nimeupokea," akasema. "Nilikwenda Soni. Kulikuwa na ukungu. Nikapita sokoni, wakanipa peasi. Nikapita darajani, nikasikia maji yanaporomoka. Nikapiga hodi kwenye nyumba moja. Nikamkuta mama anapika maharage yasiyoiva."

"Yataiva," akasema Mama.

"Nikamkuta baba anachochea moto. Na nikamkuta mtoto mmoja, amevaa sweta la kijani. Nikawaambia, mji huu sasa ni wangu."

Siwema akashika mkono wa Baba.

"Nikawaambia," akasema Athumani, "msihame. Kaeni hapahapa, wote, hata huyo mtoto. Mji bila nyinyi nitaufanyia nini mimi?"

Siwema akaachia pumzi. Fyuuu.

"Kisha nikamwuliza yule mtoto, ni nani anakubeba usiku kucha, na asubuhi mpo palepale? Akanishika mkono. Akanipeleka chumbani. Akanionyesha."

"Nilikuonyesha nini?" akauliza Siwema.

"Kitanda."

Siwema akageuka, akatazama chumbani.

"Kitanda?" akasema. "Kitanda changu? Kinachosema kwii?"

"Hichohicho."

Siwema akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka mpaka jino lake likatikisika. "Nimelilalia jibu," akasema. "Usiku kucha nimelilalia."

Mama akacheka. Baba akacheka. Na Siwema, ambaye ameshindwa kabisa, akacheka kuliko wote.

Halafu akakumbuka. Akakimbilia mlangoni. Akakiruka kizingiti. Akachungulia nje.

Duka la Mama Hoza lilikuwa na taa. Mbwa wa Bwana Shemweta alikuwa anabweka. Kule chini maji yalikuwa yanaporomoka, shhhhh, kama siku zote.

Soni ilikuwepo. Yote.

Siwema akarudi polepole. Alikuwa ameshapata wazo. Alilibeba kwa uangalifu lisimwagike.

"Zamu yangu," akasema. "Kitendawili."

"Tega."

"Nimekitoa chote, na bado ninacho."

Athumani akakuna kichwa. "Jina?"

"Siyo."

"Salamu?"

"Siyo."

"Mafua," akasema Athumani. "Ulinipa mafua, na wewe ukabaki nayo."

"Siyo mafua," akasema Siwema.

Baba akafikiri, akatikisa kichwa. Mama akamtazama binti yake. Akatabasamu, akaendelea kukoroga maharage.

"Nimenyoosha mikono," akasema Baba. "Nakupa Mombo."

"Nami nakupa Muheza," akasema Mama.

Athumani akafikiri mpaka maharage yakaiva. Akafikiri wakati wa kula. Akafikiri wakati wa kunawa. Kwa kweli alikuwa ameshindwa, na alijua.

"Haya," akasema. "Nakupa Moshi. Na mlima wake."

Baba akampigia Siwema makofi. "Leo Siwema ameibuka kidedea."

"Kidedea ndiyo nini?" akauliza Siwema.

"Kuibuka kidedea ni kuwashinda wote. Na wewe umetushinda wote."

Siwema akalitafuna neno lile kama kipande cha peasi. Kidedea. Lilikuwa tamu. Lakini alijua sasa kwamba na lile lingine, kushindwa, halikumuua.

"Tupe jibu basi," akasema Athumani.

"Kwanza nisafiri," akasema Siwema. "Miji ni mingi."

Akapanda kitandani. Kwii. Mama akamfunika blanketi. Baba akakaa miguuni. Athumani akalala kwenye kitanda chake, upande wa pili, masikio wazi.

"Nilikwenda Mombo," akaanza Siwema. "Kulikuwa na joto. Nikavua sweta."

"Enhe," akasema Baba.

"Nikaenda Muheza. Nikala machungwa. Nikambebea na Mama."

"Asante, mwanangu," akasema Mama.

"Nikaenda Moshi. Nikaona mlima. Mlima ulikuwa... umevaa... kofia... nyeupe..."

"Enhe," akasema Athumani. "Halafu? Wakakuambia jibu ni nini?"

"Wakaniambia..." akasema Siwema. "Wakaniambia... ni..."

Fyuuu.

"Siwema?"

Fyuuu. Fyuuu.

Mama akapunguza taa. Baba akafunga mlango polepole.

Athumani akageukia huku. Akageukia kule. "Amekitoa chote," akanong'ona, "na bado anacho. Ni nini hicho?"

Nje, ukungu ulikuwa unashuka juu ya Soni, juu ya soko na daraja na duka la Mama Hoza. Mji wote ulikuwa umelala. Mji wa Athumani, aliopewa leo.

Na bado wa Siwema.